PRINTA MOJA, KOMPYUTA SITA: TUSHEE MASHINE, TUSISHEE SIRI



Mwezi huu sitaongea juu ya mitihani wala juu ya Kiingereza. Nitaongea juu ya printa. Najua wengine watasema, "Mwalimu, printa inatuhusu nini sisi, hata kompyuta hatuna nyumbani?" Ngojeni kwanza. Sisi wakimbizi tunaishi kwa karatasi. Ukienda ofisini, karatasi. Ukimpeleka mtoto shule, karatasi. Ukienda hospitali, karatasi. Na karatasi hizo nyingi zinatoka kwenye mashine ambayo si ya kwako peke yako. Unaitumia na wengine, na wengine wanaweza kuona yako.

YALIYOTUKUTA

Mimi nafundisha kompyuta kwa kujitolea kwenye kituo kimoja hapa Kampala, upande wa Makindye. Tuko na kompyuta sita za mezani na printa moja ndogo ya leza, ya nyeusi na nyeupe. Ile printa imeungwa kwa waya kwenye kompyuta moja tu, ile iliyo karibu na mlango. Zile tano zingine zinatuma kazi zake kupitia mtandao wa ndani ya chumba. Wanafunzi wangu wanaita ile ya mlangoni "kompyuta mama", kwa sababu zingine zote zinapitia kwake.

Siku moja jioni, mama mmoja wa darasa la watu wazima alikuwa amemaliza kuandika barua yake. Ilikuwa ni barua ya kueleza kwa nini alikimbia kwao Kivu ya Kusini, na mambo yaliyompata njiani. Kurasa tatu. Aliiandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja, wiki mbili nzima, maana hakutaka mtu mwingine amwandikie. Alikuwa kwenye kompyuta ya nyuma kabisa. Akabonyeza kuchapa. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza mara ya tatu, na hapo hapo umeme ukakatika.

"Mwalimu, nimekwisha haribu mashine?" akauliza.

"Hapana mama, ni umeme tu. Kesho utachapa," nikamjibu. Tukafunga, kila mtu akaenda kwake.

Kesho yake asubuhi lilikuwa darasa la vijana. Umeme umerudi. Nikawasha kompyuta mama, nikaona printa haina karatasi, nikaweka karatasi, halafu nikatoka kidogo kumwita mwenye ufunguo wa stoo. Kumbe nyuma yangu printa ikaanza kufanya kazi yenyewe. Kurasa tatu. Halafu tatu tena. Halafu tatu tena. Niliporudi nikakuta vijana wawili wameshika karatasi, mmoja anasoma. Na huyo anayesoma ni mtoto wa jirani ya yule mama, nyumba zao ziko kwenye mstari mmoja.

Nilizichukua, lakini maneno yakisha someka hayarudi kwenye karatasi. Jioni yule mama akaja. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwalimu, mambo haya nilikuwa nimeyaficha hata kwa watoto wangu." Akachukua kurasa zake tisa, akaenda. Hakurudi darasani mwezi mzima.

Ndugu wasomaji, hakuna mtu aliyemwibia. Hakuna mtu aliyefungua barua yake kwa nguvu. Ni mimi mwalimu niliyekuwa sijui vizuri mashine yangu mwenyewe inavyofanya kazi. Ndiyo maana naandika.

MASHINE INAKUMBUKA

Watu wengi wanafikiri ukibonyeza kuchapa, barua inakimbia moja kwa moja mpaka kwenye printa, na kama haikutoka basi imepotea. Sivyo. Kwa printa ya kushea kama yetu, barua inatoka kwenye kompyuta yako, inapita kwenye waya, inafika kwenye kompyuta mama. Pale inawekwa kwenye foleni, kama vile watu wanavyopanga madumu kwenye bomba la maji. Inahifadhiwa kwenye diski ya kompyuta mama mpaka printa iseme, "Niko tayari, leta."

Kama printa haina karatasi, barua inangoja. Kama printa imezimwa, inangoja. Na umeme ukikatika, haifutiki, maana imekwisha andikwa kwenye diski. Siku kompyuta mama ikiwashwa na printa ikiwa tayari, foleni inaendelea pale ilipoachia. Kila ulipobonyeza, uliweka dumu lingine. Yule mama alibonyeza mara tatu, ndiyo maana zikatoka nakala tatu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawajui. Mtu akifungua dirisha la foleni, anaweza kuona jina la kila faili linalongoja na jina la aliyelituma. Ukiita faili lako "Barua ya hospitali ya mume wangu", umekwisha tangaza kabla hata karatasi haijatoka.

KUSHEA PRINTA SI JAMBO LA MASKINI

Wengine wanaona aibu, wanasema tunashea kwa sababu hatuna. Mimi nawaambia, mtandao wa namna hii tunaoutumia chumbani ulizaliwa pamoja na jambo hili. Mwaka 1973 huko Marekani, kwenye kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, injinia Bob Metcalfe na mwenzake David Boggs walikuwa wanatafuta njia ya kuunga kompyuta za ofisini pamoja, na kuziunga pia na printa ya leza. Printa ya namna hiyo ilikuwa imebuniwa na Gary Starkweather, ambaye pia alikuwa wa Xerox. Njia waliyoitengeneza inaitwa Ethernet. Mpaka leo, ule waya wenye kichwa cha plastiki tunaouchomeka nyuma ya kompyuta unatumia njia hiyo.

Baadaye, mwaka 1985, kampuni ya Apple ilitoa printa ya leza inayoitwa LaserWriter. Bei yake ilikuwa dola 6,995. Hata ofisi za Wamarekani hazingeweza kumpa kila mfanyakazi ya kwake. Basi ilitengenezwa ili kompyuta nyingi ziungwe nayo na kuitumia pamoja. Kwa hiyo tukishea printa hapa Kampala, tunafanya kitu kile kile walichofanya wao.

Na kwetu faida yake inaonekana haraka. Hapa mjini kila mtu anajua Nasser Road na Nkrumah Road, mitaa ya wachapaji, ambako wanachapa kadi za harusi, kalenda, risiti, mpaka mabango ya uchaguzi. Mitaani kwetu nako kuna vibanda vya fotokopi. Mimi mwenyewe nimelipa shilingi 500 kwa ukurasa mmoja kibandani. Mzazi mwenye watoto wanne, kila mmoja anatakiwa kurasa kumi za marudio kabla ya mtihani, hiyo ni shilingi 20,000. Kituo chenye printa yake ya kushea kinaweza kupunguza hapo sana. Hasa kwa sisi tunaoishi mjini, ambao kila siku tunajitafutia kodi na chakula wenyewe, shilingi elfu ishirini si kitu cha kuchezea.

JINSI YA KUIUNGA

Vikundi vingine vya wakimbizi vimeniuliza tulifanyaje. Haya, nitaeleza kwa wale wenye kompyuta za Windows, ambazo ndizo nyingi.

Kwanza, kompyuta zote ziwe kwenye mtandao mmoja. Inaweza kuwa kwa waya, zote zikiingia kwenye kile kisanduku kinachoitwa swichi, au zote kwenye Wi-Fi moja. Intaneti haitakiwi. Nasema tena kwa sababu watu wanatumia pesa bure: kuchapa ndani ya chumba hakuli bando.

Pili, chagua kompyuta mama. Iwe ile yenye nguvu kidogo, na iwe mahali ambapo msimamizi anakaa. Unga printa kwake kwa waya wa USB, weka programu yake, ile wanayoita draiva, halafu chapa ukurasa mmoja wa kujaribu. Kama haichapi hapo, usiendelee.

Tatu, ipe kompyuta mama jina fupi lisilo na nafasi katikati, na printa vile vile. Sisi ya kwetu inaitwa MLANGO, na printa inaitwa PRINTA1.

Nne, fungua mipangilio ya ile printa, tafuta ukurasa ulioandikwa Sharing, weka alama kwenye kijisanduku cha Share this printer. Hapa tahadhari: shea printa tu. Nimeona watu wenye haraka wanashea na diski nzima, na siku ya pili kila mtu chumbani anafungua mafaili ya mwenzake.

Tano, kwenye kompyuta zingine, nenda sehemu ya kuongeza printa. Kama haionekani yenyewe, andika njia yake kwa mkono: \\MLANGO\PRINTA1. Ile mistari inalala kwa nyuma, si kwa mbele. Wanafunzi wengi wanakosea hapo.

Sita, Windows inauliza kama mtandao ni wa faragha au wa watu wote. Ukichagua wa watu wote, kompyuta inajificha na printa haitaonekana. Chagua wa faragha, lakini basi uwe wa faragha kweli. Usifanye hivyo kwenye Wi-Fi ambayo mtaa mzima wanajua neno lake la siri.

Mwisho, zuia kompyuta mama isilale yenyewe. Ikilala au ikizimwa, zile zingine zote hazina njia ya kufika kwenye printa. Kuna printa nyingine ambazo zina nafasi yake ya waya wa mtandao au Wi-Fi ndani yake, hizo hazihitaji kompyuta mama. Ni nzuri, lakini bei yake mara nyingi iko juu.

MATATIZO YA KILA SIKU

Taa inawaka-waka na karatasi zimo. Mara nyingi ni saizi. Kompyuta tulizopewa msaada kutoka Marekani zimepangwa kwa karatasi inayoitwa Letter, ambayo ni milimita 216 kwa 279. Hapa Uganda tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Printa inangoja karatasi ambayo haitakuja. Badilisha kwenye kila kompyuta iwe A4, na shida itaisha.

Kazi moja imekwama na zingine zote zinangoja nyuma yake. Usibonyeze tena! Nenda kwenye kompyuta mama, fungua foleni, futa ile iliyokwama.

Wino. Hii tona ndogo ya printa za leza, kwenye boksi wanaandika kurasa kama 1,500 au 2,000. Lakini hesabu hiyo ni ya ukurasa ambao wino unafunika asilimia 5 tu, yaani barua ya kawaida. Ukichapa picha kubwa nyeusi ya msanii, umekula kurasa za marudio za watoto wengi. Vijana, mnanisikia.

Umeme. Printa ya leza inapopata joto inavuta umeme mwingi kwa ghafula. Usiichomeke kwenye kale kabetri ka akiba ka kompyuta, wala kwenye sola ndogo. Wenzetu walioko kambini wanaotumia sola, hapo muwe waangalifu sana. Printa ya wino wa maji inavuta kidogo, lakini ikikaa wiki nyingi bila kutumika wino unakauka kwenye matundu.

SHERIA ZA UKUTANI KWETU

Baada ya ule mwezi mmoja, nilikwenda nyumbani kwa yule mama pamoja na mama mmoja mzee wa darasa lake, maana kwa heshima singeweza kwenda peke yangu kijana. Nikaomba msamaha. Alininyamazia muda mrefu, akaleta chai. Halafu akaniambia, "Mwalimu, pale kwenu hakuna mwenye kuangalia ile mashine. Kitu cha wote kisipokuwa na mwangalizi, ni kama jikoni lisilo na mlango." Tukakaa na darasa lote, tukaandika sheria. Nyingi ni maneno yake:

1. Kabla ya kubonyeza, nenda uangalie printa kwa macho. Imewashwa? Ina karatasi?

2. Bonyeza mara moja tu. Isipotoka, mwite msimamizi.

3. Karatasi ya siri, sema mapema. Msimamizi atasimamisha foleni kwenye kompyuta mama. Wewe tuma, halafu tembea usimame mbele ya printa. Ukishafika ndipo anaachilia.

4. Faili la siri lipe jina lisilosema kitu. "Kazi ya Jumanne" inatosha.

5. Karatasi ambayo si yako, igeuze uso chini, usisome. Mwenyewe asipokuja siku hiyo, msimamizi anaifungia.

6. Nakala iliyoharibika haitupwi wala haifungiwi maandazi. Inachanwa vipande vidogo na mwenyewe.

7. Jioni kabla ya kuzima, msimamizi anafungua foleni na kuifuta yote. Isibaki hata moja.

8. Hakuna kuacha barua kwenye kompyuta ya darasa. Hamishia kwenye flashi yako, futa, halafu mwaga na lile pipa la takataka la kwenye kompyuta, maana kufuta peke yake ni kuhamishia pipani tu.

Msimamizi anabadilika kila wiki, wiki moja mwanamume, wiki moja mwanamke, ili kila mtu apate wa kumwambia. Hii ya mwisho ndiyo imesaidia kuliko zote. Akina mama waliokuwa hawachapi kitu kabisa, sasa wanachapa.

Na kama unachapa kibandani mitaani, fanya vile vile kadiri unavyoweza. Ingia na flashi yako, simama karibu, ukimaliza mwombe kwa upole mwenye kibanda afute faili mbele yako. Karatasi ya familia yako na kitambulisho chako vikibaki kwenye kompyuta ya mtu, hujui vitatumikaje. Mji huu una watu wanaotengeneza karatasi bandia, na wanatafuta za kweli za kuigiza.

NI HAKI YAKO, SI MAJIVUNO

Wengine wanasema mkimbizi hana siri, maana kila ofisi imekwisha muuliza yote. Si kweli. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 27, inalinda faragha ya mtu, ya nyumba yake na ya barua zake. Na mwaka 2019 ilitoka Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, ambayo inamtaka kila anayekusanya na kushika habari za watu azilinde. Haikusema ni za raia tu. Kwa hiyo ukimwambia mtu, "Samahani, karatasi hii ni ya kwangu, naomba nisimame hapa," hujavunja adabu. Na sisi tunaosimamia vituo vidogo, tusiseme sheria hiyo ni ya maofisi makubwa. Hata printa moja ya chumba kimoja inashika maisha ya watu.

Wahenga walisema siri ya mtungi iulize kata. Kompyuta mama ndiyo kata yetu. Kila siri ya darasa inapitia kwake, kwa hiyo anayeishika awe mtu wa kufunga mdomo.

Mwisho niwaambie ukweli kuhusu yule mama. Amerudi darasani, na sasa anaandika kwa vidole vyote kumi kuliko hata vijana. Wiki yake ya usimamizi ikifika, hakuna mchezo. Lakini ile barua yake ya kurasa tatu hakuichapa kwetu tena. Aliiweka kwenye flashi, akaenda nayo mahali pengine, hakuniambia wapi, na mimi sikuuliza.

Mzazi, mwezi huu muulize mtoto wako kama shuleni kwao kuna printa ya kushea, na nani anaiangalia. Vikundi vinavyotaka kusaidiwa kuunga ya kwao, leteni habari kwa wanaogawa gazeti hili, tutapanga Jumamosi moja. Njooni na waya wenu.

Mpaka mwezi ujao, kaeni salama.

Mwalimu wenu wa kujitolea